FUNDISHO LA NDEGE WA LUFIRA: TULIHESABU AO HATUKUHESABU?



Mwaka jana wa shule, katika klasi ya tatu, tulisoma kipande kimoja cha Kifaransa. Ndani yake baba mmoja na watoto wake wanakwenda kando ya bahari wakati wa baridi, pamoja na mbwa wao, kwa kuangalia ndege. Wanavaa makoti mazito, wanakunywa chai ya moto kutoka katika termosi, wanaandika majina ya ndege katika kaye, na jioni wanarudi nyumbani wakiwa wamechoka na wenye furaha. Nilipomaliza kusoma, mwanafunzi mmoja akainua mkono, akasema:

"Mwalimu, bahari hatuna. Na wakati wa baridi, nani anatoka kuangalia bandege? Batu banaota moto."

Klasi yote ilicheka, na mimi pia nilicheka. Lakini nyuma ya masomo neno lile lilinifuata mpaka nyumbani. Nilijiuliza: sisi tumekosa nini? Baridi tunayo. Mwezi wa Juni na wa Julai hapa Koni, asubuhi inauma masikio, na moshi wa moto unakaa chini kama blanketi. Maji tunayo, kwani Lufira inapita hapa hapa. Ndege tunao. Mbwa ninaye, jina lake Bobi. Termosi iko kwa jirani. Kilichobaki ni kutoka tu.

Basi mwisho wa Juni, mitihani ilipokwisha na sisi tukingojea proklamasio, tulitoka siku moja ya Jumamosi: wanafunzi kumi na wawili, mimi, na Bobi. Fundisho hili linaeleza mambo tuliyoyaona siku ile, na neno moja ambalo mwanafunzi alinifundisha mimi mwalimu wake.

1. MAJI YETU YANATOKA WAPI, YANAKWENDA WAPI?

Tulianza safari mbele ya jua kutoka, wengine kwa mguu, wengine kwa kinga. Tulipanda kufuata Lufira upande wa juu, kwenda Mwadingusha. Njiani niliwaambia wanafunzi wafikiri juu ya maji yaliyokuwa yakivuma chini yetu.

Lufira ni mto wa Katanga yetu. Unatoka upande wa kusini, unashuka kwenda kaskazini, na mwisho wake unaingia katika Lualaba. Lualaba nao ndio mto Kongo wenyewe, unaozunguka inchi yetu na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki, karibu na Banana na Moanda. Kwa hiyo yule mwanafunzi alisema kweli ya kwamba bahari hatuna. Lakini kikombe cha maji kinachopita chini ya Koni leo, kisipokauka njiani, kitafika bahari.

Ziwa tulilokwenda kuangalia, ziwa Tshangalele, halikuwako tangu zamani. Lilifanywa na watu. Pale Mwadingusha mto ulikuwa unaanguka katika maporomoko makubwa, ambayo Wabelgiji waliyaita jina la Cornet. Viwanda vya shaba vya Union Minière huku Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji, vilitaka umeme. Wakajenga baraji juu ya maporomoko, na santrali ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme mwaka wa 1930. Maji yale yale, yakiisha kufanya kazi kule, yanashuka na kufanya kazi mara ya pili hapa kwetu: santrali ya Koni ilianza mwaka wa 1950. Wengi wa wazazi wenu ao babu zenu walikuja hapa kwa ajili ya kazi ile.

Mainginia walitafuta umeme, hawakufikiri ndege. Lakini nyuma ya baraji maji yalienea juu ya inchi iliyo sawa, na ziwa likawa pana lakini si la kina. Mahali pengi unaona matete na mafunjo, na maua ya maji yenye majani ya kuelea kama sahani. Wakati wa kiangazi maji yanapungua, na matope yanaonekana pembeni. Ndege wa maji anatafuta vitu vitatu: chakula, mahali pa kujificha, na mahali pa kuzaa bila kusumbuliwa. Vyote vitatu alivikuta pale, akabaki.

Watu wa mbali waliliona jambo hilo. Mwaka wa 1982 Unesco iliandika sehemu ya bonde la Lufira, hekta 14,700, kuwa hifadhi ya viumbe ya dunia. Katika Kongo yote hifadhi za namna hii ni tatu tu: Yangambi na Luki, zilizoandikwa mwaka wa 1976, na Lufira yetu. Tena mwaka wa 2017 bonde la Lufira liliingia katika orodha ya Ramsar, ndiyo orodha ya mahali pa maji penye maana kwa dunia yote. Nilipouliza wanafunzi kumi na wawili nani alijua mambo haya, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Si kosa lao. Hata mimi nilijua kwa kuchelewa.

2. TULIONA NINI?

Tulipofika pembeni ya ziwa, jua lilikuwa limeanza kupanda na ukungu ulikuwa unaondoka juu ya maji kidogo kidogo. Tulikuwa na jumeli moja tu, tukaipokezana. Mwanafunzi mmoja msichana tulimchagua awe sekretari, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Kaye yake iligawanywa kwa mistari: jina la ndege ao alama zake, hesabu, anafanya nini.

Tulimsikia tai wa samaki mbele ya kumwona. Anatupa kichwa nyuma, analia sauti kali inayovuka maji yote. Kichwa chake na kifua ni vyeupe, tumbo ni la rangi ya udongo mwekundu. Walikuwa wawili juu ya mti mkavu.

Tuliona yule ndege mvuvi mweusi na mweupe, mwenye mdomo mrefu. Anasimama hewani mahali pamoja, mabawa yakitetemeka, halafu anaanguka majini kama jiwe na kutoka na kisamaki. Tuliona mnandi, mweusi, akikausha mabawa yake yaliyofunguliwa kama mtu aliyeanika koti. Manyoya yake yanaingiza maji, na hiyo inamsaidia kuzama, lakini nyuma ya kuzama anapaswa kukaa juani. Wakati wa baridi kazi hiyo inamchukua muda mrefu.

Tuliona pia yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa sana juu ya mti. Wanafunzi wawili hawakutaka kumwandika, kwani kwao nyumbani watu wanamwogopa. Sekretari alimwandika. Ndege ni ndege.

Lakini aliyetupendeza sisi wote ni yule mdogo wa vidole virefu, anayetembea juu ya majani ya maua ya maji bila kuzama. Vidole vyake vinagawanya uzito, kama vile mtu anayelala juu ya ubao asizame katika matope. Mwili wake ni wa rangi ya udongo mwekundu, shingo ni nyeupe mbele, na juu ya mdomo ana ngao ya bluu. Kwa ndege hawa desturi ya nyumba imegeuzwa. Mke anataga mayai, halafu anaondoka, na anaweza kuwa na waume wengine. Baba ndiye anayelalia mayai, na watoto wakizaliwa, baba ndiye anayewalinda. Hatari ikija anawabeba chini ya mabawa yake, na wewe unaona miguu mirefu ya watoto ikining'inia chini ya baba. Wasichana walifurahi sana kusikia hayo. Wavulana walinyamaza kidogo.

Tulikuwa tumewahesabu kumi na mmoja wa namna hii. Mbele yetu, kwenye maji wazi, walikuwako bata wa maji, kundi kubwa, wengine wakilala na kichwa mgongoni. Nilisema: "Sasa tuanze bata. Pole pole, kutoka kushoto." Hapo ndipo jambo baya lilipotokea.

3. BOBI

Bobi alikuwa amelala karibu yangu asubuhi yote, mpole kabisa. Sikumfunga. Kamba nilikuwa nayo katika mfuko, lakini nilijiambia: mbwa wangu ninamjua.

Mara panya wa matete akapita. Bobi akaruka, akaingia katika matete, akatokea upande wa pili ndani ya maua ya maji, akibweka na kupiga maji kwa miguu yote minne. Niliita mpaka sauti ikakauka. Bata wote waliinuka pamoja, kwa kelele kama ya mvua juu ya mabati, wakazunguka mara moja na kwenda mbali ambako jumeli yetu haikuweza kuwafikia. Wale wa vidole virefu walikimbia wakilia. Katika nusu dakika tu, maji yaliyokuwa yamejaa uzima yalibaki matupu.

Mzee mmoja alikuwa katika bwato lake, akitega nyavu. Alikuja kwetu pole pole.

"Mwalimu, iyi imbwa ni ya nani?"

"Ni yangu, tata."

"Muifunge. Kwanza mamba eko, na imbwa mu maji ni nyama ya mamba. Ya pili, angalia pale." Alionyesha kwa kafi. "Ule ndege alikuwa analalia mayayi. Akikimbia, baridi inaingia mu mayayi, kiisha hakuna tena kitu. Minazaliwa hapa. Iyi maji iko na benyewe."

Nilimwomba radhi. Tulimwita Bobi, akarudi amelowa, akitikisa mkia kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Mzee alitazama kutoka katika bwato lake, akatuambia ya kuwa mayai yalikuwa manne, na sasa ni matatu. Moja lilikuwa limepasuka. Akatuambia turudi nyuma, mbali, tukae chini, tunyamaze.

Tulirudi nyuma. Bobi nilimfunga kwenye mti. Tulikaa muda mrefu, na hakuna aliyesema neno. Mwisho yule baba akarudi. Alitembea juu ya majani, akasimama, akatazama huku na huku, akatembea tena, halafu akashuka juu ya mayai yake. Mwanafunzi aliyekuwa na jumeli alisema kwa sauti ndogo: "Amekaa."

Sasa tujifunze. Kwa nini mbwa anasumbua ndege kupita mtu? Sisi tunamwona mbwa kuwa rafiki wa nyumba. Ndege hamjui Bobi. Anaona nyama mwenye miguu minne na meno, anayekimbia na kunusa, sawa na mbweha. Kwa hiyo anaruka mapema, na anachelewa kurudi. Kila mara ndege anaporuka bila kupenda, kuna bei anayolipa. Kama ana mayai, yanapoa, na mwewe ao kenge anaweza kuyafikia mbele ya yeye kurudi. Kama anakula, anapoteza wakati wa kula na nguvu alizopata kwa chakula kile.

Hata ule mbwa wa kitabu chetu cha Kifaransa, kando ya bahari ya Ulaya, anafanya hivyo hivyo kama hakufungwa. Kule wakati wa baridi mchana ni mfupi sana, na ndege wa pwani wanakula katika matope ambayo bahari inayaacha wazi inapopungua, halafu inayafunika tena. Muda wa kula ni mdogo, na baridi inadai chakula kingi. Ndege akirushwa mara tano ao sita siku moja, usiku unaweza kumkuta dhaifu. Kitabu hakikusema neno hilo, kwani kilitaka kutufundisha kitenzi, si ndege.

4. TULIHESABU AO HATUKUHESABU?

Tulikula chakula chetu: mihogo ya kuchemsha, karanga, na chai ya termosi iliyokuwa imeanza kupoa. Sekretari akafungua kaye. Alisoma: tai wa samaki, wawili. Ndege mvuvi, saba. Mnandi, tisa. Wa vidole virefu, kumi na mmoja. Halafu akafika kwenye mstari wa bata, akaniangalia.

Mimi nilikuwa na haya kwa ajili ya mbwa wangu. Nilitaka siku ile iwe na matunda. Nikasema: "Andika mia mbili. Walikuwa karibu vile."

Alishika biki lakini hakuandika. Akauliza, kwa heshima, bila kunitazama machoni:

"Mwalimu, tulihesabu ao hatukuhesabu?"

Wapenzi wanafunzi, katika miaka yangu ya kufundisha nimeulizwa maulizo mengi. Hili lilinishinda. Nilitafuta njia ya kupita, sikuiona. Nikajibu: "Hatukuhesabu." Akaandika: "Bata wa maji: kundi kubwa. Hatukuhesabu. Mbwa aliwarusha." Mstari ule uko katika kaye mpaka leo, na mtu yeyote anaweza kuusoma.

Musinielewe vibaya. Kukadiria si dhambi. Watu wa ndege wanakadiria mara nyingi, kwani kundi kubwa haliwezi kuhesabiwa mmoja mmoja. Wanahesabu kumi ya kwanza vizuri, wanaangalia kumi inachukua nafasi gani, halafu wanapima kundi lote kwa nafasi ile. Na nyuma ya hesabu wanaandika ya kuwa ni makadirio. Sisi hata kumi ya kwanza hatukuifikia. "Mia mbili" yangu haikutoka katika maji. Ilitoka katika haya yangu.

Mutauliza: hesabu ya kundi moja la bata, siku moja, katika kaye ya shule, ina maana gani? Nitajibu kwa hadithi mbili za kweli.

Ya kwanza ni ya ziwa letu hili. Karibu na mwaka wa 1960 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean-Claude Ruwet, alikuwa akichunguza viumbe vya ziwa la Lufira. Mwaka ule wa 1960 ndege mdogo alipatikana hapa, wa jamaa ya wale wa manjano wanaofuma viota vya kuning'inia. Alihifadhiwa, na mahali alipotoka pakaandikwa. Miaka ikapita. Mwaka wa 1982 wataalamu wawili, Louette na Benson, walimchunguza ndege yule, wakaona hafanani sawasawa na mwingine anayejulikana. Wakampa jina Ploceus ruweti, kwa heshima ya Ruwet. Dunia yote ilimjua kwa ndege mmoja tu. Halafu mwaka wa 2009, karibu miaka hamsini nyuma ya yule wa kwanza, Louette na Michel Hasson walitangaza ya kuwa wamemkuta tena, hapa hapa. Wako wataalamu wanaobishana kama yeye ni wa jamaa ya peke yake ao ni ndugu wa karibu sana wa mfumaji mwingine wa upande wa Tanganyika. Lakini hakuna anayebishana juu ya mahali, kwani yule wa 1960 aliandika mahali kweli. Kama angaliandika neno la kujipendeza, wa 2009 wangalitafuta wapi?

Ya pili ni ya mwalimu wa shule kama sisi. Huko Denmark, katika mji wa Viborg, alikuwako Hans Christian Mortensen. Mwaka wa 1899 aliwafunga ndege 165 pete nyepesi za aluminiamu miguuni, kila pete na hesabu yake, akawaachilia. Alitaka kujua wanakwenda wapi. Kazi ile ya mwalimu mmoja ilienea. Mwezi wa Mei 1911, Uingereza, mbayuwayu alifungwa pete kwenye nyumba ya mwanasheria mmoja, John Masefield. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule yule alishikwa Natal, katika Afrika ya Kusini. Mbele ya hapo watu walidhani tu. Tangu siku ile walijua. Ni hesabu ndogo juu ya pete ndogo, iliyoandikwa vizuri pande zote mbili.

5. BARIDI YAO NA BARIDI YETU

Jambo moja zaidi. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mbayuwayu mbona hatukumwona, yule wa mkia wa kugawanyika, ambaye wakati wa mvua anakaa mingi juu ya nyaya za umeme?" Ni ulizo zuri, na jibu lake linaonyesha kwa nini inafaa kurudi ziwani mara ya pili.

Sisi tuko kusini ya ikweta, Ulaya iko kaskazini. Wakati sisi tunaota moto katika Juni na Julai, kule ni joto, na ndege wao wako kwao wakizaa. Kule kunapoanza baridi, wadudu wanapotea, maji yanaganda mahali pengi, na mamilioni ya ndege wanaondoka. Wengine wanaishia kwenye pwani za bahari, kama kwenye matope ya bahari ya Wadden, upande wa Uholanzi, Ujerumani na Denmark, ambako kila mwaka wanapita ndege zaidi ya milioni kumi. Wengine wanaendelea mpaka Afrika, na wengine hawasimami mpaka huku kwetu. Kuna kadege ka pembeni ya maji kanakotikisa mkia bila kuchoka, na wengine wa miguu mirefu wanaochoma matope kwa mdomo. Tangu Septemba mpaka Aprili hivi ni wageni wetu. Baadhi yao walizaliwa Siberia.

Kwa hiyo mutu anayekwenda ziwani katika baridi yetu anawaona hasa wenyeji, wale wanaokaa Afrika mwaka mzima. Anayekwenda Januari anawaona wenyeji na wageni pamoja. Ndiyo sababu wataalamu wanaohesabu ndege wa maji katika Afrika wamechagua miezi miwili: Januari na Julai. Hesabu moja peke yake haisemi kitu kikubwa. Hesabu mbili zinaanza kusema. Hesabu za miaka kumi, zikifanywa mahali pamoja na kwa namna moja, zinaweza kuonyesha kama ziwa linapona ao linakufa, mbele ya mtu kuliona kwa macho. Na hesabu moja ya uongo katikati inaziharibu zote, kwa sababu hakuna anayejua ni ipi.

6. SHERIA ZETU ZA JANUARI

Tutarudi Januari. Wanafunzi wale kumi na wawili walikaa pamoja, wakaandika sheria hizi, na mimi nimezikubali:

a) Mbwa abaki nyumbani. Akija kwa sababu ya njia, afungwe kamba mbele ya kufika majini, na mtu mmoja abaki naye mbali. Sheria hii inamhusu mwalimu kwanza.

b) Hakuna anayeingia majini, kwa sababu ya mamba na ya bilharzia, na kwa sababu ya viota.

c) Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, tumekaribia mno. Turudi nyuma mbele hawajaruka.

d) Tusimame mahali pale pale tuliposimama Juni, na saa ile ile.

e) Tuandike ndege wa kiota, lakini tusimwonyeshe mtu mahali pa kiota, wala tusiguse mayai.

f) Kitu tulichohesabu tuandike tulihesabu. Kitu tulichokadiria tuandike tulikadiria. Kitu tusichojua jina lake tuandike alama zake, tusimpe jina la kubahatisha.

g) Mzee wa bwato tumsalimie kwanza. Yeye anajua ziwa kupita kitabu.

Proklamasio ilipita, likizo imekwisha, na shule imefunguliwa tena. Ninaandika haya mbele ya mvua ya kwanza. Bobi yuko mlangoni, amelala. Simkasirikii, kwani yeye alifanya kazi ya mbwa. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumfunga, na kamba ilikuwa mfukoni mwangu.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Lufira inaingia katika mto gani? Fuata safari ya maji kutoka Koni mpaka bahari juu ya karata ya klasi.

2. Kwa nini mnandi anafungua mabawa yake juani? Hiyo inamsumbua zaidi wakati gani wa mwaka?

3. Eleza kwa nini ndege anamwogopa mbwa kupita mtu aliyekaa kimya.

4. Kuna tofauti gani kati ya kuhesabu, kukadiria, na kubahatisha? Toa mfano kutoka soko la Likasi.

5. Kwa nini tunahesabu Januari na Julai, si Januari peke yake?

6. Kazi ya nyumbani: kaa mahali pamoja karibu na kwenu muda wa nusu saa, asubuhi. Andika kila ndege unayemwona. Usipomwona hata mmoja, andika: hakuna. Na neno lile vilevile nitalipa pointi.